Dawa Isiyolipiwa Haishiki

Nasipwondi alikuwa na imani mbili ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzing'oa. Ya kwanza ilikuwa ya Mungu. Ya pili ni kwamba dawa isiyolipiwa haishiki. Unaweza kuinywa, ukaipaka, ukaioga, hata ukalala nayo chini ya mto; kama mwenye dawa hajapokea kitu mkononi, itatoka mwilini mwako polepole irudi kwao. Si kwamba mganga ana tamaa. Malipo ndiyo yanayoiambia dawa imetumwa na nani na ikae kwa nani. Kimilili alikozaliwa walijua hivyo, Shinyalu alikoolewa walijua hivyo, na yeye mwenyewe alijifunza kwa machozi, maana alizika watoto wawili kwa surua kabla juma halijaisha. Dawa yao ilikuwa haijalipiwa.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyefika Gatina, Kawangware, mwaka wa tisini na sita, mvua za Aprili zilipoanza kugeuza vichochoro kuwa uji. Alikuja kumwona mjukuu wake Mmbone, ambaye alikuwa hajawahi kumpakata. Mwanawe Shivachi alikuwa fundi wa kuchomelea milango ya chuma karibu na steji ya matatu namba 56, na mkewe Rachael alishona sare za shule mlangoni pa chumba chao. Nyanya alikuja na mkungu wa ndizi, unga wa wimbi, na kuku mwekundu aliyesafiri usiku kucha kutoka Kakamega bila kulalamika. Kuku huyo alikuwa wa nyumba ya mwanawe, alivyodhani.

Hakuwa amemaliza hata kusalimiana na majirani vizuri, surua ikaingia ploti hiyo ya vyumba vya kupanga.

Ilianzia chumba cha pili, kwa Adero, mama Mjaluo aliyekaanga samaki sokoni. Alikuwa na mtoto wake Oloo, wa miaka mitatu, aliyetoka kwa nyanya yake Siaya juzijuzi, na katika kuhamishwahamishwa huko chanjo ilikuwa imempita. Oloo aliamka macho mekundu, pua inatiririka, anakohoa kikohozi kile kikavu. Adero alidhani ni mafua. Nasipwondi alipomtupia jicho mara moja tu, kanga ilimwanguka begani. Vipele vilikuwa bado havijatoka, lakini yeye hakuhitaji vipele. Kuna sura ambazo ukishaziona katika nyumba yako huzisahau.

"Funga mlango," alimwambia Rachael. "Mmbone asitoke nje."

"Mama, bomba ni moja, choo ni kimoja, na huyo Oloo jana alikuwa hapa akicheza na Mmbone. Nitafunga mlango mpaka lini?" Rachael naye alikuwa na hofu, lakini hofu yake ilikuwa na mipango. "Mmbone ametimiza miezi tisa. Kesho asubuhi nampeleka kliniki Laini Saba, kule Kibera tulikokuwa tunakaa, adungwe ya surua. Kevin alidungwa hapo hapo. Unamwona? Anakula na Oloo sahani moja, na hana hata chafya."

Nasipwondi akamgeukia Kevin, mjukuu wake mkubwa, aliyekuwa amekaa sakafuni akipigapiga kopo. Kweli, mtoto alikuwa buheri wa afya. Nyanya alimtazama kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa mtu wa miaka mitano.

"Huyo mwenye dawa ni mtu wa maana," alisema. "Mlimpa nini?"

"Hatukumpa kitu, Mama. Chanjo ni ya bure."

Ungedhani Rachael amemtukania mama yake. Nasipwondi alikaa kwenye stuli taratibu, akashika magoti.

"Mmembeba mtoto na dawa ya watu mwilini, miaka hii yote, hamjalipa? Na mnalala usingizi?"

Shivachi, aliyekuwa anavua buti, akacheka. Kucheka huko kulikuwa kosa. "Mama, hii ni Nairobi. Siku hizi hospitali wanadai pesa mpaka ya pamba, lakini chanjo hawalipishi mtu. Ukipewa cha bure, sema asante uende."

"Panya pia alipewa cha bure. Muulize ule mtego."

Jioni ile akatoa hukumu. Angekwenda yeye mwenyewe, na kuku mwekundu angekwenda. Mwenye dawa akishampokea kuku, ya Kevin italipiwa na ya Mmbone italipiwa, ndipo sindano iguse mtoto. Akikataa, mtoto hadungwi, kwa sababu dawa isiyoshika ni mbaya kuliko kukosa dawa: inakufanya ulegee ukidhani umepona. Rachael akaendelea kukunja sare alizoshona. Kwao mke hamjibu mama mkwe mbele ya mume, tena mama mkwe aliyezika. Akajipa moyo kwamba angalau safari ipo. Mambo ya kuku yangejulikana huko huko.

Wakatoka alfajiri kwa miguu, kwa sababu Nasipwondi alisema hawezi kumpandisha kuku wa daktari kwenye gari akanyagwe. Mmbone alikuwa mgongoni mwa nyanya yake, amefungwa kanga, kichwa kinaning'inia kwa usingizi. Kuku alikuwa kwapani. Walivuka barabara ya Ngong, wakapita nguo za mitumba za soko la Toi zikianza kutundikwa, wakaingia Kibera na kuishika reli. Kando ya reli watu walikuwa wameshaamka: chapati zinapinduliwa, vijana wanagonga mabati, redio zinashindana.

"Shosho, niaje! Huyo kuku ni ngapi?" kijana mmoja akamwita.

"Hauzwi. Ni wa daktari."

"Aisee! Daktari yupi huyo analipwa na kuku? Nataka hiyo job!"

Nasipwondi aliendelea mbele. Kila hatua alikuwa anasikiliza pumzi ya mtoto mgongoni, kama ina mkwaruzo. Haikuwa na mkwaruzo. Akamshukuru Mungu, akasikiliza tena.

Kliniki yenyewe ilikuwa chumba cha mabati kilichopakwa rangi ya kijani, kimeegemea kanisa. Foleni ya kina mama ilikuwa imekwishajaza benchi na kumwagikia nje. Ndani kulikuwa na meza, kikasha cha barafu chenye mkanda wa kubebea begani, na muuguzi aitwaye Wakarima, mwanamke mnene mwenye mikono myepesi na ulimi uliojulikana mtaa mzima. Wakarima alikuwa amewahi kumfukuza baba wa watu kwa kumleta mtoto bila shuka. Lakini kina mama walimpenda, kwa sababu sindano yake haikuumiza na kwa sababu hakukosa siku hata ya mvua.

Zamu yao ilipofika, Rachael alitoa kadi ya mtoto.

"Miezi tisa. Surua. Mmekuja wakati mzuri," Wakarima alisema, akiitingisha chupa ndogo. "Shosho, mshike mkono huo, asirushe."

"Kwanza hii," Nasipwondi akasema, akamweka kuku mezani.

Kuku aliyekaa kimya kutoka Kakamega aliamua kwamba hapo ndipo pa kusema yake. Alipiga mabawa, pamba zikaruka, kadi zikamwagika, na mtoto mmoja kwenye benchi akapasua kilio. Foleni nzima iliangua kicheko.

"Shosho! Toa huyo kuku kwa meza yangu!"

"Ni wako. Ni malipo ya dawa ya huyu, na ya kaka yake mliyemdunga zamani. Utusamehe, tumechelewa."

"Sisi hatuchukui kitu. Soma hapo kwa ukuta. Chanjo ni bure. Nikipokea kuku wako kesho mimi sina kazi."

"Basi mpe mkubwa wako."

"Hata yeye hachukui."

"Basi mwenye dawa ni nani? Nionyeshe nyumba yake, nimpelekee mwenyewe."

Wakarima alishusha pumzi. "Mwenyewe ni serikali, shosho."

"Ala! Serikali na kuku mmoja?" mama mmoja akadakia kwenye foleni. "Hiyo hula ng'ombe mzima na kamba yake!" Kicheko kikaanza upya, na hata Wakarima mdomo ulimcheza.

Nasipwondi hakucheka. Alimchukua kuku, akaanza kumrudisha Mmbone kwenye kanga. "Kama hakuna wa kupokea, mtoto hatadungwa," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayefunga mlango mvua ikija.

"Mama, tafadhali," Rachael akasema, akimshika mkono. "Surua iko mlangoni. Nimekusikiza mpaka hapa. Tafadhali."

"Ndiyo sababu nataka dawa ishike."

Wakarima alikuwa ameshika sindano tayari. Mtu angetegemea atoe moto, maana foleni ilikuwa ndefu na jua linapanda. Lakini aliona yule mzee anavyolikaza fundo la kanga kisha kulikaza tena, akaelewa kwamba ubishi huu hauna uhusiano na ujinga. Akaweka sindano chini.

"Nani mgonjwa huko kwenu?"

"Mtoto wa jirani," Rachael alijibu. "Ameanza jana."

"Basi nisikilize, shosho. Dawa hii nikishaichanganya haifiki jioni, itamwagwa. Na mtoto aliyekaa na mgonjwa, leo dawa inaweza kumuwahi. Ukisema urudi wiki ijayo, ugonjwa utakuwa umeshaingia ndani na kufunga mlango. Mimi sikatai kuku kwa madharau. Nakataa kwa sababu dawa imeshalipwa. Utalipaje mara mbili?"

"Imelipwa na nani?"

"Na wewe."

Nasipwondi alimtazama kama anayetaniwa na mtu asiyemjua.

"Huko nyumbani unanunua sukari? Mafuta ya taa? Sabuni, majani chai?"

"Nani hanunui?"

"Ndani ya ile bei kuna kodi. Haba na haba. Inakusanywa, ndiyo inanunua chupa hii na barafu, inaleta gari, inanilipa mimi huu mshahara wangu wa kuchekesha. Wafadhili wa nje nao huongeza, siwezi kukudanganya. Na kuna wanaoila njiani, hilo hata mtoto anajua. Lakini hii hapa hawakuila, shosho. Hii imefika."

"Kodi," Nasipwondi alisema.

Alilirudia neno hilo kwa sauti ya chini, kisha akakaa kwenye benchi bila kualikwa. Mama mmoja alimsogezea nafasi. Na hapo, mbele ya wanawake asiowajua, akasema jambo ambalo hata Shivachi hakuwahi kuambiwa lote.

Alisema kabla ya Uhuru, alipokuwa bado mke kijana, alikuwa na watoto wawili, Musundi na Khasiala. Wakashikwa na surua wote. Mzee wa mitishamba aliitwa, akawapa dawa, na malipo yakawa mbuzi jike mmoja waliyekuwa naye, apelekwe asubuhi. Asubuhi ile ile wakaja askari wa kodi ya kichwa. Mume wake alikuwa hana shilingi. Askari wakamfungua mbuzi mtini, wakaenda naye wakimvuta, na yeye Nasipwondi akawafuata mpaka mtoni akiwasihi, akiwaambia mbuzi huyu si wetu tena, mbuzi huyu ni wa dawa. Mmoja akamwambia kodi ndiyo ya kwanza, dawa baadaye. Mzee wa mitishamba hakulipwa. Musundi alikwenda Jumatano, Khasiala akamfuata Jumamosi.

Mama mmoja kwenye benchi akamvuta mtoto wake kifuani.

"Nataka kukuuliza, binti yangu," Nasipwondi alisema. "Wewe umesoma mambo haya. Mbuzi yule angefika kwa yule mzee, watoto wangu wangepona?"

Wakarima aliacha kiti chake akaja kuchuchumaa mbele ya mama huyo, jambo ambalo kliniki ile ilikuwa haijaliona.

"Hapana, shosho. Surua ikishamshika mtoto, hakuna mti wa kuiondoa, hata hapa sina dawa ya kuiondoa. Dawa yake ni hii ya kutangulia mbele, na siku zile dunia nzima haikuwa nayo, hata wazungu wenyewe walikuwa wanazika. Si mbuzi aliyewaua watoto wako. Wala si wewe."

Miaka karibu arobaini Nasipwondi alikuwa amemwona mbuzi yule akivutwa kuvuka mto, na kila alipomwona alijiuliza kwa nini hakung'ang'ania kamba. Sasa mtu anamwambia kamba ile haikuwa imeshika uhai wa mtu yeyote. Alilia kidogo, kilio kisicho na sauti, akajifuta na ncha ya kanga. Kisha, mtu akidhani ameshamaliza, akainua kichwa.

"Lakini kodi niliitoa."

"Uliitoa."

"Na umesema kodi ndiyo hununua dawa."

"Ile ilikuwa serikali ya mzungu, shosho..."

"Ofisi ni ile ile. Mlingoti wa bendera ni ule ule, walibadilisha kitambaa tu." Akafungua fundo la kanga, akamtoa Mmbone, akamkalisha pajani na kumkunja mkono wa nguo mpaka begani. "Basi mbuzi wangu amefika. Amechelewa sana njiani, lakini amefika kwa mwenye dawa. Mdunge mtoto."

Sindano iliingia na kutoka. Mmbone alipiga ukelele wa dhuluma, nyanya akamkumbatia kifuani akicheka na kulia kwa pamoja. "Orio," akamwambia Wakarima kwa lugha ya nyumbani, halafu akaona haitoshi, akaongeza kwa Kiswahili: asante wewe, asante aliyeibeba hiyo barafu, asante kila mtu aliyenunua sukari. Alisema Mungu awakumbuke wote kwa majina maana yeye hawajui. Foleni ikajibu amina, na yule mama wa ng'ombe na kamba alijibu kwa nguvu kuliko wote.

"Na kuku mpelekee huyo mgonjwa, apikiwe supu," Wakarima akasema, amesharudi mezani na ulimi wake umerudi naye. "Nani anafuata? Hii chupa hainisubiri mimi!"

Wakafanya hivyo. Adero alipoletewa kuku mzima na mtu aliyemjua kwa siku chache tu, alishika mikono yote miwili ya Nasipwondi akaitikisa. Oloo alikuwa na siku mbaya. Macho yaliziba, homa ikampandisha na kumshusha, na wanawake hao wawili walipokezana kumkandakanda na kumnywesha supu kwa kijiko mpaka alipoanza kukataa, na mtoto akianza kukataa chakula kwa kupiga kelele ujue anarudi. Watoto wengine wawili wa ploti walishikwa, wakapona kwa shida. Nasipwondi kila asubuhi alimpeleka Mmbone mlangoni kwenye mwanga, akamwangalia macho, nyuma ya masikio, kifuani. Ngozi ilikuwa safi. Siku zikapita, ngozi ikabaki safi, na asubuhi moja alijikuta amesahau kumkagua. Alipokumbuka alisimama pale pale kwenye bomba na ndoo mkononi, akamshukuru Mungu kwa neema ya kusahau.

Siku ya kurudi Shinyalu, mizigo ilikuwa imefungwa na Shivachi ameshaubeba mfuko mkubwa. Walipofika langoni walimkuta Nereah, mpangaji mgeni aliyehamia juzi, amekaa kwenye kizingiti akinyonyesha. Mtoto wake alikuwa mkubwa kiasi cha Mmbone.

"Mama Shivachi," akaita, "nimesikia Rachael akisema kuna sindano ya surua kule Laini Saba, ati ni bure. Ni ukweli? Mimi vitu vya bure naviogopa."

Shivachi akatazama saa yake. Nasipwondi akauweka chini mzigo wake.

"Bure? Nani amekudanganya ni bure? Ile ilinunuliwa kwa mbuzi jike, na ni mimi nilimtoa. Musundi wangu na Khasiala wangu hawakuikuta. Wako ameikuta. Inuka, funga mtoto mgongoni, mimi nakupeleka. Basi la Kakamega hata kesho lipo."